Nyayo kwenye Msingi

Nyuma yangu kwenye basi, fundi mwashi na karani wa bunge walikuwa hawajuani, ila walishaanza kubishana. Karani alikuwa anajivunia sheria mpya: mzee aliyewakomboa watumwa atajengewa sanamu, palepale palipokuwa na soko la kuuzia watu.

"Sanamu gani, dada, na msingi wenyewe unakataa?" akasema fundi. "Jioni tunasawazisha saruji, tunaifunika kwa magunia yaliyoloweshwa. Asubuhi tukifunua, nyayo! Za miguu mitupu, wakubwa kwa watoto."

"Walevi hao, kaka."

"Magunia hayajaguswa."

Nikajifanya nasoma gazeti. Lilikuwa la juzi.

"Basi zizibeni. Sheria imemtaja mtu mmoja tu."

"Tunaziziba, zinarudi. Na hatua zenyewe ni fupi fupi, kama za watu waliofungwa miguu."

"Lakini yule mzee alishawafungua, zamani hizo!"

"Ndivyo mlivyoandika."

Basi likasimama kando ya magunia yenyewe. Tukashuka, na sijui nani alianza, lakini sote tulikuwa tunakwenda kwa hatua fupi fupi.