Baba Yetu, Karani wa Uwanja wa Ndege, na Safari ya Saa Moja na Dakika Kumi

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 4 Machi 1951 katika mji huu huu wa kaskazini, mtoto wa tatu wa fundi cherehani. Anayesoma ni mimi, kitinda mimba wake.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959 na kumaliza sekondari mwaka 1970. Hesabu alizipenda sana; mwandiko ulimtia aibu hadi uzeeni.

Mwaka 1972 aliajiriwa kuwa karani wa uwanja wetu mdogo wa ndege, akadumu hapo miaka thelathini na tisa. Alikata tiketi, akapima abiria na mizigo yao kwenye mizani ile ile moja, na kila siku ya safari aliandika ubaoni kwa chaki: mji wa mgodini, kilomita 340, saa moja na dakika kumi. Kwa barabara ni siku mbili, tena mvua ikiwa haijanyesha. Ukimwambia huko ni mbali, alikuwa mkali. "Mbali wapi? Hujamaliza hata gazeti, umeshafika!"

Kwenye mizani hiyo ndipo alipokutana na mama, muuguzi aliyekuwa akienda kuripoti kazini. Mama hupenda kusema kwamba huyu ndiye mwanamume pekee aliyejua kilo zake kabla ya jina lake. Walifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1978, wakajaliwa watoto watatu.

Alistaafu mwaka 2011, lakini karani aliyempokea kazi aliendelea kumpigia simu kila Alhamisi kumsomea idadi ya abiria. Baba alisikiliza kama watu wanavyosikiliza mpira redioni.

Figo zilianza kumsumbua Aprili 2022. Mimi nafundisha huko mgodini, na katika miezi kumi na minne ya ugonjwa wake nilikuja mara mbili tu. Jumatano tarehe 14 Juni 2023 mama alinipigia simu. "Baba yako anakuulizia. Njoo kesho, mwanangu." Nikamwambia ndege imejaa. Sikuwa hata nimeuliza. Nilikuwa nimehamia nyumba mpya, namsubiri fundi bomba. Mama akamfikishia baba jibu langu.

Marehemu alifariki nyumbani kwake Jumamosi tarehe 17 Juni, saa nne asubuhi. Mimi nilifika Jumatatu.

Pale uwanjani karani alinivuta pembeni. "Pole, dada. Sijui nikwambieje," akasema. "Alhamisi ile ndege ilikuja na watu sita tu. Nilimsomea mzee kama kawaida. Akaniambia, 'Mama watoto akikuuliza, mwambie ilijaa.'"

Kaka alipoisoma karatasi hii kabla haijachapwa, aliniambia, "Hayo tuyamalize nyumbani." Nimekataa. Tangu msiba uanze, mama amekuwa akimweleza kila anayekuja kutoa pole kwamba binti yake alikosa nafasi kwenye ndege, na wengi wenu mmenionea huruma. Nimeona haya kuipokea. Mama, ndege haikujaa. Nilikudanganya, na baba amekufa akinifichia.

Marehemu ameacha mjane, dada mmoja, watoto watatu na wajukuu watano. Watoto wawili walikuwa wamemshika mikono alipokata roho. Wa tatu anamwomba msamaha hapa, mbele yenu nyote.

Baba, upumzike kwa amani.