Karatasi ya Kijani ya Bi. Murugi

Kuna jambo nimelificha kwa miaka ishirini na moja, na nikizikwa nalo, wasifu huu wa Bi. Murugi Wambugu utakuwa wa uongo. Bi. Murugi anastaafu tarehe 30 Mei 2025, baada ya miaka ishirini na minne katika maktaba ya muziki ya redio yetu hapa Nyeri, nilikokuwa mtangazaji. Mhariri wa jarida la wafanyakazi ameniomba ukurasa mmoja wa kuchangamsha. Nina miaka themanini na minne, na daktari wangu hanifichi kitu. Nitachangamsha ninapoweza.

Murugi alitukuta na utaratibu wa rangi. Kila kanda ilibandikwa karatasi moja tu: kijani kwa injili, nyekundu kwa dansi, manjano kwa harusi. Isiyo na karatasi haikuchezwa, na Jumapili asubuhi ilichezwa kijani pekee.

Ni yeye aliyetuonyesha kwamba rangi hazitoshi. Mwanamuziki anayempenda kuliko wote ni Wakonyo, mpiga kodiani wa Kangema. Siku moja alileta wimbo wake mezani, tukabishana mpaka chai ikapoa. Maneno yalikuwa ya kanisani, mdundo ulikuwa wa baa, na ulikuwa umepigwa kwenye harusi ya meneja mwenyewe.

"Wazee, nyinyi hampangi muziki," Murugi alituambia. "Mnapanga watu wenye wanausikiza."

Mwaka 2004, Isse, mfanyabiashara wa mifugo wa Nanyuki, alituletea kanda ya Hodan, mwimbaji wa kwao. Hakuna kati yetu aliyejua Kisomali. Murugi aliibandika karatasi nyeupe na kuandika: "Bado. Nimuulize Isse." Jumapili iliyofuata kanda hiyo ilikuwa hewani katika kipindi changu cha ibada, ikiwa na karatasi ya kijani. Wimbo ulipokwisha, mimi mzee wa kanisa nilisema "Amina" kwa sauti nzito. Simu zilifurika. Kwaya moja ya Kianyaga iliomba maneno yake ili ijifunze.

Jumatatu Isse aliingia akicheka hadi machozi.

"Mzee, ati Amina? Huyo mama anasifu ngamia yake! Anasema iko na shingo nzuri kushinda bibi harusi!"

Meneja aliketi polepole, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Kisha akauliza ni nani aliyebandika kijani. Karatasi zilikaa kwenye droo ya Murugi, kwa hiyo macho yote yalimgeukia.

"Si mimi. Niliiacha na nyeupe," alisema, akanitazama. Mimi nilitazama kikombe changu.

Alipewa barua ya onyo. Cheo cha mkuu wa maktaba, ambacho kingekuwa chake mwezi uliofuata, kilikwenda kwa mgeni ambaye Murugi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Alikingoja miaka tisa.

Alipokipata, alizitupa rangi zote. Kila wimbo ukapata kadi, na humo kukaandikwa kila msikilizaji anauita wimbo wa aina gani. Kadi ya Hodan inasema hivi: "Isse: wa mifugo. Kwaya ya Kianyaga: wa sifa. Mimi: mzuri." Leo vijana wa studio hufungua kadi hizo kabla ya kufungua kinywa hewani.

Asante, Murugi, kwa masikio yako na kwa subira ambayo hatukuistahili. Uende kwenu Tetu salama, ng'ombe wako wajaze ndoo, na kodiani ya Wakonyo isinyamaze nyumbani mwako.

Barua ile ya onyo ingali kwenye faili lako. Nimemwomba meneja wa sasa aiondoe, na sababu ni hii. Jumamosi ile, siku moja kabla ya kipindi, niliisikiliza kanda ya Hodan peke yangu mara nne, nikalia bila kuelewa hata neno moja. Sikuwa nimewahi kupenda wimbo namna ile. Nilitaka watu wausikie, na kipindi changu kilikuwa cha kijani. Wewe ulikuwa umetoka kwenda kula. Nilivuta droo yako, nikabandua karatasi nyeupe, nikabandika ya kijani kwa mkono wangu.