Mfuniko wa Mzee Marumaru

Benchi letu liko mbele ya mlango wa tatu wa jengo letu la ghorofa, chini ya dirisha la Bi Stojanka, na halina msumari hata mmoja ulionyooka. Kahawa inatokea dirishani. Bi Stojanka anaipika jikoni kwake, ghorofa ya chini, anaipitisha kwenye sinia juu ya maua yake, na kwa kuwa kahawa ni yake, ana ruhusa ya kututukana. Wakaaji ni watatu. Vukoman tunamwita Promaja, ndilo jina la ule upepo unaopita kati ya madirisha mawili yaliyo wazi, na kwa hesabu yake hakuna maiti hapa mjini kwetu Leskovac ambaye hakuuawa na huo upepo. Milenko ni Fotelja, yaani kiti cha kukunjia nne: amezunguka vyama vitano akitafuta kiti cha ofisini, akapewa kulinda geti, tena kwa kusimama. Mzee Radisav ni Marumaru, maana kaburi lake liko tayari kando ya la mkewe, jiwe jeusi lenye picha yake ya suti na mwaka wa kuzaliwa. Umebaki kuchongwa mwaka wa pili. Mimi ni Jagoda. Wananiita Diploma, na pale benchini ni mimi tu nisiyekaa. Diski ya mgongo. Nina shahada mbili za Kijerumani na siwezi kukaa zaidi ya muda wa kahawa kuchemka. Jumamosi hiyo mtaa mzima ulinuka pilipili hoho za kuchoma, na mimi nilikuwa na mpaka Jumatatu asubuhi kupata meza ya kusimamia.

Fotelja: Diploma, kaa bwana, unatutia kizunguzungu.

Mimi: Nikikaa, utanibeba wewe mpaka ghorofa ya tatu?

Fotelja: Mgongo wangu mali ya serikali. Siruhusiwi kuutumia nje ya kazi.

Promaja: Huo mgongo wako, binti, ni promaja. Kikulacho ki nguoni mwako. Upepo umeingia kwenye shati, ukatafuta mfupa, ukakaa.

Mimi: Daktari kasema ni diski, kwa kukaa miaka saba nikisoma.

Promaja: Na hapo ulipokaa, dirisha lilikuwa wazi au limefungwa?

Niligeukia kahawa yangu. Ukimjibu Promaja atakuuliza habari za soksi.

Mchongo wenyewe ni huu. Kampuni moja ya Ujerumani inanijaribu wiki moja, kazi ya simu kutoka nyumbani. Mtu kanunua mashine ya kufulia, imegoma, anapiga simu, mimi namtuliza kwa Kijerumani safi. Miaka saba ya mashairi ya marehemu, ili nimwambie mama wa Hamburg abane mlango wa mashine mpaka asikie klik. Sawa. Nitabana. Ila hii ni mara ya pili kujaribiwa. Mara ya kwanza niliweka laptopu juu ya friji, mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, na friji letu likiwaka linatetemeka. Mteja akaniuliza kwa upole, bibie, uko ndani ya treni? Wakanitoa siku ileile. Safari hii nikizingua, hakuna ya tatu. Na meza za dukani, zile za kubonyeza kitufe, ni za watu ambao hawaumwi na chochote.

Miguu tulikuwa nayo. Fotelja alikata vyuma vya vitanda vya jeshi vilivyotupwa nyuma ya lile geti analolilinda. Analilinda kivipi, msiniulize. Tatizo ni kipimo.

Promaja: Si nilikwambia? Meza ya kusimamia inaishia kiwikoni.

Fotelja: Nami nimeishia kiwikoni.

Mimi: Kiwiko cha nani?

Fotelja: Changu! Nani kakata?

Mimi: Fotelja, wewe ni mlingoti! Anayesimama ni mimi!

Fotelja: Mkono mtupu haulambwi, mwanangu. Wewe una diploma, mimi nina msumeno.

Bi Stojanka: (dirishani) Akanyage kamusi zake. Anazo mbili nene, nilizibeba mwenyewe aliporudi kutoka chuo.

Wakacheka mpaka sinia likatikisika. Nikazifuata kamusi, nikazipanga chini, nikapanda. Kiwiko kikakaa sawasawa na vyuma. Hatimaye elimu imeniinua, asanteni sana walimu wangu.

Ukabaki ubao wa juu. Tulikuwa tumejaribu mlango wa kabati letu la zamani, ule wa maganda ya mbao yaliyogandishwa kwa gundi. Ulishanyeshewa balkoni, na tulipouinua ulimeguka kama pai ya bureki ya jana. Hapo ndipo kila mtu akawa injinia.

Fotelja: Ma kakvi, wapi bwana, ubao wa nini? Chukua makreti ya bia, panga juu ya meza ya mama yako, umemaliza.

Mimi: Mama yuko kwenye hiyo meza anamenya kilo hamsini za pilipili za kuhifadhi. Ukimgusa sasa hivi atakutia kwenye chupa.

Fotelja: Basi jeki ya gari. Unazungusha, meza inapanda, unazungusha, inashuka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mimi: Siwezi kuinama! Ndiyo shida yenyewe hiyo!

Promaja: Itundike darini kwa minyororo, kama nyama ya kukausha. Ila funga madirisha.

Fotelja: Subirini. Subirini! Kitu gani hapa kwetu kinapanda na kushuka, kina ukuta, kina taa?

Bi Stojanka: Thubutu.

Fotelja: Lifti! Diploma aweke ofisi ndani ya lifti!

Mimi: Lifti imekwama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu tangu nikiwa sekondari.

Fotelja: Si ndiyo vizuri? Urefu umeshapimwa.

Promaja alishusha kikombe. Alikuwa na sura ya mtu aliyegundua kitu.

Promaja: Hamuoni mpango wao? Wajerumani hawa. Kwanza wanakuondolea kiti, eti afya. Kiti kikienda, mwakani kitanda cha kusimamia. Mtalala wima kama farasi. Mwisho watatuzika wima, wabane nafasi!

Marumaru: Mimi nafasi yangu ya kulala nimeshailipia.

Tuligeuka sote. Mzee Marumaru huwa hasemi kabla ya kikombe cha pili, na hicho kilikuwa cha kwanza.

Marumaru: Na ubao ninao.

Fotelja: Ubao gani, mzee?

Marumaru: Mwaloni. Stoo ya chini. Baba yangu aliukata kijijini, nikaupasua mwenyewe. Umekauka tangu mke wangu alipofariki. Umenyooka, hauna fundo.

Bi Stojanka: (polepole) Radisav. Zile si mbao zako za...

Marumaru: Ndizo. Sita. Chini, kando, kichwani, miguuni. Binti anahitaji mmoja tu. Achukue mfuniko, ndio mpana.

Kahawa ilinipalia. Kila mtu mlango wa tatu anazijua mbao za jeneza la Mzee Marumaru. Kila Pasaka anazitoa nje, anazifuta vumbi, anazigeuza upande wa pili kama mtu anayeota jua. Nilitaka kukataa kwa maneno mazuri. Nikafikiria Jumatatu, nikafikiria lile friji.

Mimi: Mzee, siwezi kuchukua mfuniko wako.

Marumaru: Hujauchukua. Nakuazima. Siku yangu ikifika, unaurudisha.

Bi Stojanka: Kufa kufaana, walisema.

Fotelja: Safi! Naleta drili, matundu manne tu tunaufunga...

Marumaru: Tundu hata moja hapana.

Promaja: Yuko sahihi kabisa! Matundu manne kwenye mfuniko? Hiyo ni promaja ya milele!

Marumaru: Fungeni kwa kamba. Na wewe, Diploma, kikombe usiweke juu yake. Sitaki kwenda mbele ya Mungu na duara la kahawa usoni.

Mimi: Nitaweka kitambaa.

Marumaru: Kiwe safi.

Fotelja na Promaja wakashuka stoo, wakarudi wakiupenyeza ubao ngazini, na kila mmoja akimlaumu mwenzake kuwa kabeba upande mwepesi. Tukaulaza juu ya vyuma, palepale mbele ya benchi. Fotelja akaufunga kwa kamba ya kuanikia nguo. Nikapanda juu ya kamusi, nikaweka viganja. Haukutikisika. Bre, jamani, nilikaribia kulia. Nikajaribu, Guten Tag, naweza kukusaidiaje? Sauti ilitoka imenyooka, bila treni. Mzee Marumaru alisimama, akaupigapiga ubao kwa kidole, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa kama anayemkubali mkwe.

Saa hiyo akatokea mtu wa mita. Si yule wa zamani tunayemfahamu. Mpya, mwembamba, na mkoba begani. Benchi lote likaanza kuangalia viatu. Mtu wa umeme akifika kwetu hata ndege wanakumbuka madeni.

Mtu wa mita: Habari zenu. Naomba ufunguo wa stoo, nisome mita. Nani kafungua biashara hapa?

Wakamwelezea wote kwa pamoja, Fotelja akianzia kwenye makreti, Promaja akianzia kwa Wajerumani. Ajabu ni kwamba alielewa. Akaupapasa ubao.

Mtu wa mita: Kwa hiyo mzee akifa, dada anarudisha.

Fotelja: Ahadi ni deni. Jambo limepangika.

Mtu wa mita: Sawa. Na nani atajua kwamba amekufa?

Fotelja: Unamaanisha nini, nani atajua? Tutajua sisi!

Mtu wa mita: Nauliza tu. Mzee anaishi na nani?

Anaishi peke yake. Mtoto wake yuko Stuttgart, anapiga simu siku ya mtakatifu wa familia, akikumbuka. Sisi huku benchini tunasema Marumaru hajashuka leo, labda kalala. Tunasema hivyo kesho yake pia. Macho yalikwenda yenyewe kwenye mlango wa jengo, kwenye ile karatasi ya tangazo la kifo yenye ukingo mweusi na picha ya Blagoje wa ghorofa ya tano, ambayo mvua imeshaanza kuifuta.

Mtu wa mita: Yule nilimkuta mimi, siku yangu ya kwanza hapa, mvua inanyesha na benchini hapana mtu. Nilisoma mita yake huku chini, nikaona namba ni ileile ya mwezi uliopita. Nikapanda kugonga.

Promaja akafungua mdomo. Nilijua neno linalokuja, tulijua sote. Akaufunga. Ndiyo mara pekee niliyomwona Vukoman akikosa upepo wa kumlaumu.

Bi Stojanka: Kahawa imeisha.

Haikuwa imeisha, harufu yake ilikuwa bado inatoka. Lakini aliondoa sinia, akafunga dirisha, na nyuma ya kioo nikamwona anajifuta macho kwa aproni. Fotelja akampa mtu wa mita ufunguo bila kubishana, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nikabaki nimesimama juu ya kamusi zangu, mikono kwenye mwaloni, na Kijerumani chote kimenitoka, na Kiserbia pia.

Mzee Marumaru hakuinua hata kichwa. Alikuwa anaikaza upya kamba ya Fotelja, ambayo kwa kweli ilikuwa imefungwa ovyo.

Marumaru: Diploma. Hiyo kazi yako, unaanza saa ngapi?

Mimi: Saa nne, mzee. Kila siku.

Marumaru: Basi kabla yake pita kwangu, nigongee. Nikifungua, nenda kasimame.

Mimi: Na usipofungua?

Marumaru: Lete mfuniko.