Waya Aliokataa Kuuza Severine Lyaruu

Baba Padre, wazee wa ukoo, majirani wa hapa Ilala, wafanyabiashara wenzetu wa Kariakoo, na nyinyi nyote mliofunga maduka na kuacha shughuli zenu, mimi ni Celina, mdogo wake marehemu, nimesimama kwa niaba ya familia, na kwa ruhusa ya wifi yangu Caroline aliyeniambia asubuhi hii nisome yote bila kuruka kitu, kwa hiyo mnivumilie, maana kamati ya mazishi ilitaka historia fupi na mimi sina historia fupi ya kaka yangu.

Marehemu Severine Aloyce Lyaruu alizaliwa tarehe 14 Februari 1978, Kibosho, mkoani Kilimanjaro, akasoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia mwaka 1986 hadi 1992, akaendelea na sekondari mjini Moshi hadi mwaka 1996, ambako alichapwa mara nyingi kwa kubishana na walimu pale alipokuwa na haki, na pale alipokuwa hana haki pia, tusimfanye malaika.

Januari 1997 aliingia Dar es Salaam, akafikia hapa Ilala kwa baba mdogo, akaanza kutembeza balbu na swichi mkononi, akikimbizana na mgambo, hadi mwaka 2004 alipofungua duka lake la vifaa vya umeme Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe, mkabala na mimi ninapouza vitenge. Tarehe 22 Oktoba 2005 alifunga ndoa na Caroline katika parokia yetu, wakajaliwa watoto wawili, Lucky aliyezaliwa mwaka 2007 na Hillary aliyezaliwa mwaka 2012, ambao wote mnawaona hapa mbele, na ambao naomba leo msiwaambie wasilie.

Mwaka 2021 kaka aliteuliwa kuwa wakala wa kampuni inayoingiza waya wa umeme kutoka nje, kampuni ambayo sitaitaja kwa sababu jina lake mnalisoma kwenye turubai lililo juu ya vichwa vyenu, ikalipaka duka lake rangi ya kampuni, ikampa cheti cha wakala bora, naye akauza waya ule kwa moyo mmoja, akiwaambia wateja kuwa ni waya wa kurithisha wajukuu.

Mwanzoni mwa Ramadhani, tarehe 14 Machi 2024, Swaumu, mke wa fundi cherehani Abbasi aliyenunua waya wa nyumba yake kwa kaka, alikuwa jikoni akiandaa futari, nyumba yao ikashika moto kuanzia darini, mlango ukazibwa na moto, dirisha lilikuwa na nondo, na Abbasi aliyekuwa nje aling'ang'ania nondo zile hadi ngozi ya viganja ikabaki kwenye chuma, akimwangalia Swaumu na binti yao Badria wakiungua. Siku ya pili baada ya kuwazika alikuja Narung'ombe na kipande cha bomba, hakusalimia mtu, akampiga kaka yangu kichwani mbele ya wateja, akapiga kelele, "Waya wako umeniulia mke na mtoto!" kisha akatupa juu ya kaunta kipande cha waya kilichosalimika kwenye moto.

Mimi nilivuka barabara nikiwa na mkasi wa kukatia vitambaa, nia yangu Mungu anaijua, lakini Severine alinizuia kwa mkono, damu ikimchirizika hadi kwenye kola, akachukua kisu akaukwangua ule waya, na chini ya ngozi nyembamba ya shaba tukaona chuma kitupu, kinachochemka umeme ukipita. Akashusha roli moja ya waya kutoka rafu ya juu, akakwangua, chuma, akashusha nyingine, chuma, akaendelea hadi sakafu ikajaa, halafu akakaa chini katikati ya bidhaa yake akalia kwa sauti, na Abbasi akaliacha lile bomba likaanguka.

Alipoitaka kampuni iuondoe waya huo sokoni, alijibiwa na Bwana Hafidhi, meneja wao wa mahusiano ya jamii, yule pale mstari wa pili mwenye shada la maua, "Bro, piga bei kwanza mzigo uliopo uishe, halafu tutaangalia." Kaka hakuangalia. Alizitoa roli zote barabarani mchana kweupe akazikatakata kwa shoka, akavunja uwakala, na miezi iliyofuata yeye na Abbasi walipanda kwenye dari za watu, Ilala hadi Kigamboni, wakiung'oa waya aliouza yeye mwenyewe na kuweka mwingine bure, na ndiyo maana gari lake liliuzwa, enyi mliokuwa mnauliza.

Tarehe 3 Agosti 2024, pale Mnazi Mmoja, kampuni hiyo iliita waandishi wa habari ili igawe mitungi ya kuzimia moto kwa wafanyabiashara wa Kariakoo, ikasema inarudisha kwa jamii. Severine alipanda jukwaani bila kuitwa, akatoa mfukoni waya na kisu, akaukwangua mbele ya kamera, akasema, "Moto mmewasha wenyewe, halafu mnatuletea mtungi wa kuzimia na mnataka tupige makofi?" Walinzi walimburuta nyuma ya jukwaa, wakampiga kwa virungu hadi taya likavunjika, na huku mbele muziki uliongezwa sauti. Mwezi mzima alikunywa uji kwa mrija.

Katika historia kama hii, hapa ndipo husomwa maradhi, na kamati imenishauri niseme marehemu alifariki ghafla. Kaka yangu hakuugua. Alikatwa mapanga, Ijumaa tarehe 13 Juni 2025, asubuhi, akifungua duka, na Jumatatu yake alikuwa aende mahakamani kutoa ushahidi katika kesi dhidi ya kampuni juu ya waya ule. Walikuja vijana wanne kwa bodaboda mbili, panga la kwanza likamwingia begani, Abbasi aliyekuwa naye akainua mkono kulikinga la pili, vidole vyake vitatu vikaanguka kwenye ngazi ya duka, mimi nikampasua mmoja kichwa kwa kigoda, Padre utanisamehe lakini sijutii, na hapo hapo la tatu likamkata kaka shingoni, damu ikaruka hadi kwenye vitenge vyangu. Alifariki mchana huo hospitalini. Nani aliwatuma sijui, polisi wanachunguza, na mimi sisemi nisichokiona.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, dereva wa bajaji aliyekataa nauli na kuosha damu mwenyewe, majirani waliopika bila kuombwa, na wenzake wa Narung'ombe.

Jana Bwana Hafidhi alituletea sentensi ya kusoma hapa, kwamba tunaishukuru kampuni kwa kuwajali wadau wake, kwa turubai hili, maji, na lile basi lililopo nje lenye rangi zao, la kumpeleka marehemu Kibosho. Wazee wa ukoo walikubali, siwalaumu, mtoto wa Kibosho lazima alale Kibosho na sisi hatuna kitu. Lakini wifi yangu amesema mumewe alikwangua rangi ile dukani kwake kwa mikono yake, na hatasafiri ndani yake akiwa maiti. Mliokunywa maji yao hamna kosa, kiu ni kiu. Shada lirudi na aliyelileta, turubai lishushwe, jua tutalivumilia, na wewe dereva wa basi, huna hatia mwanangu, geuza gari.

Wenzake wa Narung'ombe wametoa Fuso la mzigo, limeoshwa, tutapanda nyuma tukilizunguka jeneza, vumbi la Same na baridi ya Kibosho vyote vyetu. Abbasi, njoo ushike mbele, kwa mkono wako uliobaki mzima. Kaka Severine, umemaliza, tunakupeleka kwa mama, pumzika kwa amani.