Nilipoazima Maneno ya Waliotangulia

Kwii, kwii, kwii! Wapendwa, Bwana apewe sifa, lakini mlio ule wa magurudumu ya kitanda bado ninao masikioni. Mama yangu alikuwa anasukumwa kwenda kupasuliwa tumbo, hapa Tabora mjini. Akanishika mkono: "Niombee, mwanangu."

Ndugu zangu, nikafungua kinywa, hakuna neno!

Mimi ni mwombezi wa vijana kanisani kwetu Isikizya. Nimeishia darasa la saba, lakini mdomo ninao! Nikiomba, mabati yanatetemeka. Siku ile nilisema "Baba... Baba..." nikakauka. Mlango ukafungwa. Mama ameingia bila maombi yangu! Nilijiona nimemtupa.

Nikarudi wodini kumsubiri. Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na bibi wa Ulyankulu, Mkatoliki. Nilimwamkia, akaitika, akanipa kitabu cha sala, kurasa zimekuwa rangi ya chai.

"Mjukuu wangu, macho yamechoka. Nisomee sala ya mgonjwa."

"Samahani bibi, sisi hatuombi kwa kusoma."

"Basi nisomee mimi, wewe usiombe!" Akacheka mpaka akashika mshono wa upasuaji wake.

Nikasoma kwa adabu tu. Sala ya kale, ya watu waliokwisha kufa zamani. Ikafika mahali pa kutaja jina la mgonjwa. Nikataja la bibi. Halafu mdomo wenyewe ukataja la mama! Machozi, ndugu zangu! Nikarudi mwanzo, nikasoma tena, safari hii naomba.

Sisi ni wajukuu wa wapagazi. Waliobeba mizigo kutoka hapa mpaka pwani hawakufyeka njia mpya kila asubuhi. Walipita palipokanyagwa na wenzao. Lakini miguu ilikuwa yao!

Mama alitoka salama. Anatembea polepole, ila ugali anasonga mwenyewe. Nami nimefunguliwa kutoka katika hofu ya kuishiwa maneno. Sala tatu za kale nimezinakili kwenye daftari. Wenzangu wananitania, "Mwombezi, siku hizi unasoma gazeti?" Nacheka, halafu napaza sauti kama zamani!

Wewe uliyekauka kinywa, usimkimbie Mungu. Azima maneno. Atakusikia wewe.

Leo alfajiri nilipiga magoti jikoni peke yangu, nikasoma sala moja polepole mpaka mwisho. Sikuongeza kitu. Nikasema amina, nikawasha mkaa.