Mtakatifu Aliyevishwa Sanda Al Quoz

Mheshimiwa Mkurugenzi wetu, Bwana Sulaiti; Mzee Msellem, mfungaji mkuu wa mizigo, pamoja na mkeo Bi Asila; ndugu madereva, mliochagua viti vya nyuma kwa sababu tunazozijua; wageni waalikwa: Assalaam aleikum.

Wenzangu wa ghalani wamenituma, mimi mwenzao ninayesomea sheria, nimuage Mzee Msellem, aliyeachishwa kazi na anayetakiwa kurudi Unguja. Kosa lake ni lipi? Ni kumfunga vizuri mno mtakatifu wa jiwe!

Mtakatifu Floriani, sanamu ya kale ya mtindo wa Kibaroko kutoka Ulaya, alishushwa bandarini Jebel Ali akielekea hotelini. Joho lake linapepea, na mkono wake wa kushoto umechomoza na ndoo, akizima nyumba inayowaka miguuni pake. Mzee angemlaza vipi? Akamlaza ubavu wa kulia, akamviringishia kitambaa cheupe cha marekani, akafunga kichwani, kiunoni na miguuni, akamwelekeza uso mlangoni. Na mlango wa ghala letu la Al Quoz, mnajua wenyewe, umeelekea kibla.

Madereva wakaingia. Wakavua viatu. Wakamsomea Fatiha! Ndugu Irshad akamnong'oneza Aloysius, Mkatoliki wetu wa Uganda:

"Poleni, kaka. Marehemu mtu wa wapi?"

"Wa Ulaya."

"Maskini! Alikufaje?"

"Walimfunga jiwe shingoni, wakamtosa mtoni."

"Ya Rabi! Na serikali inajua?"

"Serikali ndiyo iliyomtosa."

Khalas! Nani angewasha lori baada ya hapo? Mzigo ukalala, mteja akafura, lawama zikamwangukia Mzee. Nilipomuuliza Aloysius kwa nini hakusema ukweli, alinijibu kwa utulivu: "Niliulizwa alivyokufa. Sikuulizwa kama ni jiwe."

Lakini Floriani alipofunguliwa hotelini, nani aliona hata ukucha wake umebanduka? Na malaika wale wa jiwe waliofungwa kwa mashine na kampuni nyingine, je, hawakufika bila mabawa, na mmoja bila pua? Tangu lini mzigo kuheshimiwa kukawa kosa la aliyeufunga?

Unacheka, Bwana Sulaiti, nimekuona. Basi nilitumwa kuaga, nami nakataa kuaga! Jebel Ali kuna mtakatifu mwingine, mwanamke mwenye upanga na gurudumu, na bila Mzee ghala zima halijui ashikwe wapi.

Kipaza sauti ni chako, Mheshimiwa. Bi Asila anangoja kujua kama kesho afunge masanduku ya safari, au amfungie mumewe chakula cha kazini.

Nawashukuru kwa kunivumilia. Sasa sote tumsikilize Mkurugenzi.