Aliyejibiwa kwa Kugonga: Lawer Odonkor, 1951–2023

Ndugu mliotoka karibu na mbali, kaka yetu Lawer Odonkor alizaliwa Odumase-Krobo tarehe 9 Juni 1951, mwana wa nne wa mfua sufuria Padi Odonkor na mkewe Maku.

Alisoma Odumase hadi 1967, akajifunza ufundi wa bati Accra, kisha kwa miaka thelathini na moja akatengeneza ndege za wengine. Mwaka 1978 alimuoa Korkor Terkper, mtengeneza shanga, mwenye mikono midogo kuliko yote ukooni.

Alipostaafu mwaka 2004, alianza kuunda ndege yake uani, hapa Kpong. Ribiti, vile vipini vya kubania bati, elfu kumi na mbili! Kila moja ilitaka watu wawili: Lawer juu na nyundo ya upepo, Korkor amelala chini ya bawa, mkono umezama ndani mpaka begani, akiikingia ribiti kipande cha chuma. Kelele zilimeza maneno, basi Korkor alijibu kwa kugonga bati. Mara moja: imeshika. Mara mbili: ongeza. Mara tatu: mbovu, itoe.

Agosti 2009 wazee wa kanisa walikuja kuona ribiti ya mwisho ya bawa.

"Bwana Lawer, sufuria lako litaruka lini?" akatania mmoja.

Lawer akapiga. Ko, ko, ko, akajibu Korkor.

"Imeshika hiyo, Mama Dede," Lawer akamwambia mkewe. "Toka, wageni wanangoja kula banku."

"Basi na wale! Kwani watapanda wao? Nitapanda mimi. Siutoi mkono huu mpaka uitoe hiyo ribiti."

Kaka aliwatazama wageni, akachukua drili. Ribiti ilipotoka, tuliuona ufa kwenye bati, mwembamba kama unywele. Bati zima lilibanduliwa, ribiti mia nne zikarudiwa.

Tarehe 20 Februari 2016 ndege ile iliinuka juu ya mto Volta, Korkor kiti cha pili. Yule mzee aliyetania alivua kofia.

Oktoba 2022 kiharusi kilimnyang'anya kaka sauti. Asubuhi ya tarehe 14 Machi 2023, Korkor alimuuliza, "Baba Dede, umechoka? Unataka kwenda?" Kaka akamgonga kiganjani mara moja. Kisha akaendelea kumkazia macho, kama anayengoja jibu kutoka ndani ya bawa. Korkor naye akamgonga, mara moja tu. Hapo kaka akafumba macho, asiyafumbue tena.

Ameacha mjane, Korkor, mabinti wawili, Dede na Mamle, wajukuu watano, na ndege moja, nzima.

Kazi imeshika, kaka. Pumzika.